Kwa Farasi, Kigamboni: walituambia turudi nyumbani, na ndipo nilipowaamini

Jumamosi ya kwanza hatukupanda farasi. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri nyumbani Buguruni, tukapanda daladala mpaka Kivukoni, tukavuka na pantoni, tukachukua bajaji kuelekea upande wa Mjimwema. Zizi halina kibao barabarani; ukimwambia dereva "nipeleke kwa farasi" anakufikisha hadi getini. Binti yangu yuko darasa la tano na usiku ule hakulala vizuri kwa hamu. Nilikuwa nimeshatuma shilingi 50,000 kwa simu tangu Alhamisi, somo la nusu saa, juu ya farasi anayeitwa Babu.

Saisi wao, yaani mtunza farasi, kijana wa Kondoa, alitupokea getini. Akamsalimia mtoto, kisha akanigeukia. "Shikamoo mzee. Samahani sana, leo Babu hapandwi. Nimemshika asubuhi, mguu wa mbele kushoto una joto. Hachechemei, haujavimba, ila joto lipo." Farasi wengine watatu walikuwa na watu wao tayari. Nikamwuliza joto liko sehemu gani. Akainama akanionyesha kwa kidole chake: nyuma ya mguu, katikati ya goti na kifundo, upande wa ndani.

Kulikuwa na baba mwingine pale getini ambaye naye mtoto wake alipangiwa Babu asubuhi hiyo. Alikasirika sana. Alisema farasi anamwona kwa macho yake, anatembea vizuri kabisa, iweje watu watoke Tabata mpaka huku warudishwe kwa sababu ya joto la mkono? Namwelewa. Nauli ni nauli, na kilio cha mtoto kinauma. Binti yangu mwenyewe alilia njia nzima. Lakini kabla hatujafika pantoni simu yangu ilitoa mlio: hela yote imerudi, na ya kutolea wameongeza. Jioni ile nilimwambia mama watoto kwamba nimepata zizi.

Naandika haya hasa kwa ajili ya yule baba wa Tabata na wazazi wengine kama yeye, kwa sababu nilikuwa saisi. Nilivuka Namanga mwaka 1994 nikiwa kijana wa miaka 19, nikapata kazi Nairobi kwenye mazizi ya farasi wa mbio, kule Barabara ya Ngong, nikakaa miaka 11. Leo nauza chakula cha mifugo, pumba na mashudu, na mikono yangu inashika magunia. Lakini nikiona farasi bado naanzia chini, kwenye kwato, ndipo napanda juu. Watu wengi huanzia usoni.

Kazi ya saisi asubuhi haianzi na toroli wala ndoo. Inaanzia miguuni, kabla farasi hajatoka nje, kabla hajala. Unachuchumaa mbele yake, unaweka kiganja kimoja mguu wa kushoto na kingine mguu wa kulia, kwa pamoja, ili mguu mmoja uwe kipimo cha mwenzake. Unashuka polepole kutoka gotini mpaka kwenye kifundo. Nyuma ya mfupa utakutana na kano mbili zimelala pamoja, ya nje na ya ndani, ngumu na laini kwa wakati mmoja, kama kamba ya jahazi iliyokazwa. Unazipitia kwa kidole gumba na cha shahada. Unatafuta joto. Unatafuta mahali ambapo ukingo wa kano umepoteza unyoofu wake, hata kama ni uvimbe mdogo kuliko punje ya harage. Kisha unainua mguu, kano inalegea, unaibinya taratibu huku ukiangalia masikio. Farasi hasemi, lakini sikio likirudi nyuma mara mbili mahali palepale, umeshaambiwa.

Sababu ya kuhangaika hivi ni jinsi mguu wenyewe ulivyoumbwa. Chini ya goti farasi hana msuli wa maana. Pale pana mfupa, kano, mishipa na ngozi, basi. Misuli yote iko juu, begani na mapajani, na inauvuta mguu kwa kamba hizo ndefu. Farasi wa mbio ana kilo 450 hadi 500, na anapokimbia kwa kasi yake yote kuna sehemu ya sekunde ambapo mguu mmoja tu wa mbele unabeba mzigo unaozidi mara mbili ya uzito wake wote. Kano inavutika hapo hadi karibu na mwisho wa uwezo wake, kisha inarudi, na kila ikivutika na kurudi inazalisha joto. Wataalamu waliopima ndani ya kano ya farasi anayekimbia walikuta joto linafika nyuzi 45. Ikichanika haiponi ikawa ile ya zamani. Inajazwa na kovu, na kovu halivutiki kama kano. Mwaka mzima wa kupumzika ni jambo la kawaida, na hata baada ya mwaka huo unamrudisha mbioni farasi ukiwa na wasiwasi.

Nina jambo moja ambalo nimelibeba miaka zaidi ya ishirini. Nilikuwa natunza farasi jike wa miaka minne, mwekundu, mpole kiasi kwamba alikuwa analala huku mimi nafagia. Jumatano moja nilikuta joto mguu wa kulia, mahali palepale aliponionyesha kijana wa Kondoa. Nikamwambia bosi wangu. Akashika, akasema ni kidogo. Alhamisi lilikuwepo, nikamwambia tena. Akaniambia nimfunge bandeji vizuri, Jumapili anakimbia. Mimi nilikuwa kijana wa kibarua, mgeni nchini, sikusema mara ya tatu. Jumapili aliingia kona ya mwisho akiwa wa tatu, kisha nikamwona anashuka bega moja, anashuka tena, na mpandaji anavuta hatamu. Nilipomfikia alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, anatetemeka, jasho linadondoka tumboni. Akanisukuma begani kwa pua kama alivyozoea kufanya akiniomba karoti. Hakukimbia tena. Baada ya wiki mbili aliondolewa zizini na sikuambiwa amepelekwa wapi.

Kwa hiyo kijana aliyekubali kuwarudisha watu wawili, hela mkononi, kwa sababu ya joto ambalo hata mwenye mtoto haliamini, mimi namwona ni mtu mkubwa. Na mama mwenye zizi aliyemwachia kijana huyo neno la mwisho ni mkubwa vilevile. Nilimwuliza mama huyo baadaye. Akaniambia, "Baba, mguu ukiwa na joto mimi sina kauli. Kauli ni ya saisi."

Tulirudi baada ya wiki tatu.

Babu ni Thoroughbred, yaani wa ile damu ya farasi wa mbio iliyotengenezwa Uingereza kuanzia karne ya 17 na 18. Madume wote wa damu hiyo duniani leo, ukifuata baba wa baba, unaishia kwa mmoja wa madume watatu walioletwa kutoka Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Ana miaka 19. Alikimbia Kenya mpaka akafika miaka tisa, akafundishwa kazi ya kubeba wanafunzi, kisha akaletwa Dar es Salaam. Ni kahawia iliyoiva, na sasa amepata mvi juu ya macho, ndiyo sababu watoto wakamwita Babu.

Kukimbia mbio mpaka miaka tisa ni muda mrefu. Wengi niliowashika mimi walikuwa wamemaliza wakiwa na miaka mitano au sita, na si kwa sababu walichoka kukimbia. Marekani, ambako hesabu zinatunzwa vizuri, farasi wa mwaka 1960 alikuwa anakimbia wastani wa mara 11 kwa mwaka. Miaka hii ni kama mara sita. Kila mtu ana maelezo yake. Langu ni hili: dume akishinda mbio kubwa akiwa na miaka mitatu, hela iko kwenye kumpandisha kwa majike, haiko tena mbioni. Anastaafu kabla miguu yake haijaulizwa swali gumu. Watoto wake wanauzwa kwa kasi ya baba yao, na miguu yao hakuna anayeijua.

Angalia walioacha jina kwa kudumu. Exterminator alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa ya Marekani, mwaka 1918 na akaendelea kukimbia mpaka 1924, ana miaka tisa, karibu mbio 100, na akashinda 50. Kelso alichaguliwa farasi bora wa mwaka Marekani mara tano mfululizo, 1960 hadi 1964. John Henry alichaguliwa mwaka 1981 na tena mwaka 1984 akiwa na miaka tisa; alikimbia mara 83, akashinda 39, na aliishi mpaka miaka 32. Wote hao walikuwa wamehasiwa. Hawakuwa na kazi nyingine ya kuwasubiri shambani, kwa hiyo mwenye farasi alilazimika kuilinda miguu yake, maana hakukuwa na hela nyingine. Babu naye amehasiwa.

Na John Henry nina sababu nyingine ya kumtaja. Alipokuwa na mwaka mmoja aliuzwa kwa dola 1,100 tu, na sehemu ya sababu ilikuwa magoti yake: ukimtazama kwa ubavu yalikuwa yamerudi nyuma kidogo badala ya kusimama wima. Goti la namna hiyo linaelemea kano na mifupa ya mbele. Babu ana magoti hayohayo. Niliyaona hata kabla hajatolewa bandani, na nilimwambia saisi, "Huyu kwa magoti haya alifikaje miaka tisa?" Kijana akacheka, akasema hajui, yeye alimkuta hivyo. Jibu niliona mwenyewe nilipoinama. Kano za Babu zimenyooka kama uzi wa fundi mwashi, baridi kama mtungi, mguu wa kushoto na wa kulia hakuna tofauti. Mahali palipokuwa na joto wiki tatu kabla sikupata kitu. Miguu kama hiyo kwenye farasi wa miaka 19 haitokei yenyewe. Kuna mkono ulimshika kila asubuhi kule alikotoka, na kuna mtu alimsikiliza mwenye mkono huo.

Mama mwenye zizi alinisahihisha jambo moja, nami nalikubali. Nilikuwa naamini farasi anayeanza mbio akiwa na miaka miwili anaharibiwa, kwa kuwa mifupa haijakomaa. Akanieleza kuwa tafiti za Australia na New Zealand zilifuatilia maelfu ya farasi zikakuta walioanza na miaka miwili hawakudumu muda mfupi kuliko wenzao. Mara nyingi walidumu zaidi. Mfupa mchanga hujijenga pale unapofanyishwa kazi, ukipewa kazi kidogokidogo na siku za kupumzika katikati. Nikikumbuka vizuri, niliowaona wakiumia wadogo walikuwa wale walioharakishwa, waliotoka kutembea wakapelekwa kwenye kasi ndani ya wiki chache. Babu alianza akiwa na miaka miwili.

Sasa niseme wanavyomtunza hapa, maana hela yako inakwenda huko.

Ratiba yao wanaipanga kwa maji ya bahari. Ukipiga simu kuomba nafasi ya ufukweni, wanaangalia kwanza bahari inakupwa saa ngapi. Mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya watalii wapate pa kupita. La hasha. Maji yakikupwa yanaacha mchanga wenye unyevu, ulioshikana, ambao ukwato unaingia kidogo tu na kutoka. Mchanga mkavu wa juu, ule wa kuzama, unachosha kano vibaya sana, na farasi wa magoti ya Babu ungemmaliza ndani ya mwezi. Kwa hiyo maji yakiwa yamejaa hakuna ufukwe, hata ukilipa mara mbili. Unafundishiwa ndani ya uwanja. Baada ya somo wanampeleka majini mpaka maji yafike gotini, anasimama dakika kumi, mawimbi yanampiga.

Kwa wapenzi wa mbio hilo halina ugeni. Kule Southport, mji wa pwani Uingereza, alikuwepo mtu anaitwa Ginger McCain, muuza magari, zizi lake lilikuwa nyuma ya duka. Mwaka 1972 alimnunua Red Rum, farasi mwenye ugonjwa wa mfupa ulio ndani ya ukwato. Akawa anamkimbiza kwenye mchanga wa ufukweni na kumtembeza baharini. Red Rum akashinda Grand National, mbio kubwa ya kuruka vizuizi Uingereza, mwaka 1973, akashinda 1974, akawa wa pili mara mbili zilizofuata, akashinda tena 1977 akiwa na miaka 12. Mbio ile wakati huo ilikuwa zaidi ya kilomita saba na vizuizi 30. Alikufa mwaka 1995 ana miaka 30, wakamzika pale Aintree, kwenye uwanja wa mbio hizo, karibu na nguzo ya kumalizia.

Lakini bahari ya Southport ni ya baridi na yetu ni ya uvuguvugu, na hapa ndipo zizi hili liliponishangaza. Wananunua barafu ya samaki. Kijana huvuka asubuhi na pantoni mpaka soko la samaki Feri, anarudi na kiroba cha barafu iliyopondwa, anaijaza kwenye ndoo mbili ndefu zilizokatwa kutoka madumu ya mafuta, na Babu anaingiza miguu ya mbele mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama mzee anayevaa viatu. Nilipokuwa Nairobi tulikuwa na viatu maalumu vya barafu vilivyoagizwa nje. Vya hapa vinanuka vibua, na vinafanya kazi ileile.

Kwato nazo nilizikagua, kwa ruhusa. Ukwato unakua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo unaoukanyagia leo umeanza kuota karibu mwaka mmoja nyuma. Ukitaka kujua Babu alikuwa analishwaje mwaka jana, angalia ukuta wa ukwato kama una mistari ya njaa. Hana. Miguu ya mbele ina viatu, ya nyuma iko wazi. Ncha ya mbele imekatwa fupi na kisigino kimepewa nafasi, na hilo ni la muhimu kuliko kiatu chenyewe, maana ncha ikiachwa ndefu kisigino kinashuka na kano inavutwa siku nzima hata farasi akiwa amesimama anakula. Ile nyama ya pembetatu chini ya ukwato ilikuwa kavu, haina harufu. Kwa unyevu wa Dar es Salaam, hasa masika, hiyo peke yake ni kazi ya kila siku.

Jasho pia. Kuna farasi wa damu hii ambao joto na unyevu wa pwani huwafanya waache kutoka jasho. Ngozi inakauka, pumzi inapanda, na farasi anaungua ndani kwa ndani. Hapa hakuna somo baada ya saa tatu na nusu asubuhi wala kabla ya saa kumi jioni, hata uwe nani. Baada ya kazi saisi anapitisha mkono chini ya shingo kuhakikisha Babu amelowa. Jiwe la chumvi liko bandani. Na kabla jua halijazama wote wanaingizwa ndani, neti zinashushwa, kwa sababu usubi unaoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unatoka jioni mpaka alfajiri, na ugonjwa ule ukishaingia zizini unaua wengi. Wanachanjwa pia, lakini neti hawaziachi.

Somo lenyewe ni zuri, sina mengi. Mwalimu ni dada mtulivu, hapigi kelele. Dakika kumi za kwanza mtoto yuko kwenye kamba ndefu, anazungushwa, mikono kiunoni, hana hatamu, anajifunza kukaa. Kisha vikuku vya kukanyagia, kisha hatamu. Siku ya tatu binti yangu alipata mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole za farasi, akarukaruka juu ya tandiko kama gunia kwenye mkokoteni, siku ya nne akaupata mdundo. Babu anapunguza mwenyewe akihisi mtoto ameyumba. Sikumfundisha mimi wala wao. Farasi wengine wanazaliwa na moyo huo.

Wanakupima uzito. Mizani iko pale kwenye kibaraza, na ukizidi kilo 75 Babu hupewi, wanakupa farasi mwingine mkubwa zaidi au wanakukatalia. Wapo wanaoona aibu. Mimi nilikuwa na kilo 83 na nikakataliwa, na nilifurahi.

Kasoro zipo. Kofia ngumu za watoto wadogo ziko mbili tu, na siku yenye watoto watatu mmoja anasubiri. Mama mwenye zizi asipunguze kitu kingine, anunue kofia. Wazazi hatuna kivuli isipokuwa mwembe mmoja ambao nusu ya siku unatupa kivuli nje ya uzio. Choo kina maji ya ndoo. Simu hawapokei haraka, tuma ujumbe. Njia ya kuingilia masika inageuka tope na bajaji nyingine zinakataa, utatembea kama dakika nane. Shilingi 50,000 kwa nusu saa ni hela, sisi tunaenda mara moja kwa wiki mbili kwa kujibana.

Na kuna moja kubwa zaidi: yule jike wa kijivu, ncha za kwato zake za mbele zilikuwa ndefu nilipomwona mwezi uliopita. Nilimwambia mama mwenye zizi waziwazi. Alisema fundi wao anatoka Arusha na alichelewa wiki tatu. Sababu naielewa, lakini kwato hazingoji basi la Arusha. Wamfundishe mtu wa hapahapa angalau kupunguza ncha kwa tupa wakati fundi hajafika. Wakati huo walikuwa wamemsimamisha kazi yule jike, sikuona mtu amempanda, na hilo naliandika kwa haki.

Jumamosi iliyopita ilikuwa mara yetu ya sita. Siku hizi binti yangu anafika mapema ili ashike miguu pamoja na saisi. Alichuchumaa mbele ya Babu, viganja viwili, akashuka polepole kama alivyoonyeshwa, akasimama. "Kaka, wa kulia una joto." Kijana hakumwambia kwamba yeye ameshashika alfajiri akakuta sawa. Alichuchumaa naye akashika. Ni kweli, ulikuwa na joto. Akatazama mlangoni: jua la saa moja na nusu lilikuwa limeingia bandani likaangukia mguu wa kulia peke yake. Wakamgeuza Babu, wakamweka kivulini, wakasubiri robo saa, mtoto ameshika saa yangu mkononi. Wakashika tena, kwanza yeye, kisha kijana. Miguu ikawa sawa. Ndipo tandiko likaletwa.